Abiria wa Basi la Bati

Mwenye duka ninayenunua kwake, karibu na stesheni ya Mpanda, anaamini Mungu amenijalia wajukuu kupita kiasi. Nikiingia tu ananiamkia, "Shikamoo mzee wangu, leo ni wa ngapi?" Namjibu, "Marahaba, leo ni kitindamimba," naye anacheka, anaikaza balaghashia yake kichwani, anapanda kwenye stuli kunishushia maboksi ya rafu ya juu. Wajukuu ninao wawili tu, tena wako mbali, na toi nilizowahi kuwapelekea zinaingia kwenye mfuko mmoja wa rambo. Zilizobaki zote ni zangu. Gari la polisi linalolia king'ora, chura wa kuruka, eskaveta la rimoti lenye kijiko kinachochota mchanga kweli, helikopta ndogo isiyojua kutulia hewani, tochi iliyofichwa redio tumboni. Nimezinunua kwa sababu nazipenda. Nikimwambia hivyo ataniuzia vilevile, ila atanitazama, na mimi kutazamwa kumeshanichosha.

Kuna wanaojifanya wananielewa. Wanasema, "Lakini wewe kazini una greda zima, toi gani tena unataka?" Watu hawa hawajawahi kukaa juu ya greda. Nimeendesha mashine hiyo maisha yangu yote, nikisawazisha barabara za vumbi za Katavi ambazo mvua ikinyesha zinarudi kuwa mito, na sijapata kucheza nayo hata siku moja. Greda lina kelele, lina joto, lina msimamizi anayepiga simu kuuliza umefika wapi, na ukizubaa linaua mtu. Kitu cha kuchezea hakina msimamizi. Kinafanya jambo lake dogo, kinamaliza, na hakuna aliyepona wala kufa kwa ajili hiyo. Nikiwa kambini huko porini upande wa Ugalla, wenzangu wakilala mchana wa Jumapili, nilikuwa natoa kigari kimoja mfukoni nakipitisha kwenye tuta la mchanga. Walinizoea. Mpishi wetu wa kambi alinipachika jina ambalo silirudii hapa.

Baba yangu alijaribu kunitibu mapema. Tulihama na ng'ombe kutoka kaskazini, kama Wasukuma wengi waliojaa sehemu hizi, tukaweka boma mbali na mji, na sisi watoto tulikuwa tunafinyanga ng'ombe wetu wa udongo wa kichuguu. Wangu walikuwa na pembe za miiba na nundu nilizozilainisha kwa mate. Baba alikuwa na utaratibu wake: siku mtoto wa kiume anapokabidhiwa fimbo achunge kundi la kweli, anawachukua ng'ombe wake wa udongo mwenyewe, anakwenda kuwatia kwenye maji ya lambo la kunyweshea. Kaka yangu aliwatupa wote kwa mkupuo mmoja, akaondoka anapiga mluzi. Mimi niliwashusha mmoja mmoja ukingoni, nikasimama nikiwatazama wanalainika, wanapoteza pembe, wanakuwa tope. Nililia, na kwa kule kulia nikachapwa. Baba hakuwa mkatili, ndivyo alivyojua kumwambia mtoto kwamba utoto umekwisha. Wangu haukwisha, na mpaka leo sijaambiwa na mtu mwenye akili kwa nini ilikuwa lazima uishe.

Nilipopata mshahara wangu wa kwanza nilinunua basi. Nilikuwa Tabora wakati huo, na basi lenyewe ni la bati, la kijani, la kuzungusha ufunguo ubavuni. Madirishani walikuwa wamechorwa abiria: bibi mwenye kilemba, bwana mwenye miwani, mtoto aliyebandika pua kwenye kioo. Ukilijaza ufunguo mpaka mwisho linakwenda mbio kama hatua kumi za mtu mzima, halafu linapunguza mwendo taratibu na kusimama, kama dereva aliyeona stendi. Nililiweka kwenye sanduku la chuma pamoja na vitu vingine vya namna hiyo, nikalitia kufuli, nikaoa nikiwa nalo.

Mke wangu alikuwa Mnyamwezi, mtoto wa hapa hapa Mpanda, mwepesi wa maneno. Wiki za mwanzo alilizunguka lile sanduku bila kusema kitu. Nikajua anadhani nimeficha picha za mwanamke mwingine. Siku alipochoka kudhani akaniambia nifungue, na nikafungua, nikiwa tayari kuaibika. Akatoa lile basi, akaligeuza, akaliweka sikioni kama anayesikiliza saa. Akalijaza ufunguo, akaliachia sakafuni. Likatoka mlangoni likaenda kugonga mguu wa meza. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye simenti, na alipopata pumzi akaniambia, "Lirudishe."

Neno hilo ndilo lililonioza kweli. Mahari na mashahidi vilikuwa vimekwisha kupita, lakini mimi najihesabu kuwa nilioa siku ile aliposema "Lirudishe".

Lile basi likawa ndio mchezo wetu. Nyumba yetu ya mtaa wa Nsemulwa ina sebule ndefu, na baada ya kula jioni yeye alitandika mkeka wake upande wa mlango wa jikoni, mimi nikakaa upande wa pili, chini ya dirisha. Tunalipeleka basi na kulirudisha. Likifika kwake bila kugusa kiti wala meza, analinyanyua, anachungulia madirishani kwa umakini wa karani wa stendi, halafu anatangaza, "Abiria wamefika salama. Kalale, baba." Hapo mchezo umekwisha, na mimi nakwenda kulala nimetulia moyo. Watoto wetu watatu walipokuwa wadogo walicheza na sisi, wakakua, wakaona haya, wakaacha, wakaondoka. Sisi hatukuacha. Nilipokuwa narudi kutoka kambini na vumbi la wiki nzima masikioni, ninaoga, ninakula, na kabla sijasema lolote ni yeye mwenyewe aliyekuwa analeta basi na mkeka. Naomba hilo likumbukwe. Mimi sikuwahi kumwita.

Kwa hiyo waliponicheka kambini sikujali, na msimamizi mmoja aliponiambia mbele ya vibarua kwamba mtu wa umri wangu anatakiwa ajiheshimu, nilimjibu kwamba heshima yangu ninayo nyumbani. Nilikuwa namaanisha mkeka ule. Wanaume wengi ninaowafahamu wana wake wanaowapikia na kuwafulia na kuwazalia. Mimi niliamini nina mwenzangu wa kucheza naye, na kwa jambo hilo nilijiona nimewazidi wote.

Presha ilimwangusha sokoni, kwenye meza yake ya karanga na maharage. Walinipigia simu nikiwa juu ya greda, na nilipofika Mpanda alikuwa ameshafunikwa. Sitasema zaidi kuhusu siku hiyo.

Ninalotaka kulisema ni la siku ya kuanua tanga, siku msiba unapofungwa na watu kurudi makwao. Asiyejua mila zetu lazima aelezwe kidogo kuhusu watani. Kuna makabila yanayotaniana tangu enzi za misafara, na mtu wa kabila la utani ana ruhusa msibani ambayo ndugu wa damu hana. Anaweza kuzuia jeneza lisipite, anaweza kuvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akasema kama yeye, akayafichua aliyokuwa anayasema. Anaweza kuchukua kitu cha marehemu akaondoka nacho. Hukasiriki. Ukimkasirikia mtani msibani, wewe ndiye huna adabu. Wanasema inawaondolea watu majonzi, na ni kweli, nimeona misiba mingi ikipata nafuu kwa vicheko vya watani. Misiba ya wengine.

Mtani wa mke wangu alikuwa mwanamke waliyepakana naye meza pale sokoni, muuza dagaa, mnene, mwenye sauti. Alitoka chumbani amejifunga kitenge cha mke wangu, kilemba amekifunga kwa namna ile ile ya kuacha sikio moja nje, na akatembea kwa mwendo wake wa kutupa mguu wa kushoto. Watu chini ya turubai wakaanza kucheka, na mimi nikacheka. Ilikuwa kama amerudi kidogo. Akaigiza alivyokuwa anabishana na wateja, alivyokuwa anaonja karanga za wenzake bila kununua, alivyokuwa anasinzia kanisani na kuamka akisema amina mahali pasipotakiwa. Nilicheka huku machozi yananitoka, na nikamshukuru moyoni.

Halafu akarudi ndani, akatoka na mkeka na basi.

Akatandika mkeka katikati ya watu. Akakaa kwa kujishusha pole pole, huku ameshika kiuno na kuguna, na wanawake wakaguna pamoja naye, wote, kwa pamoja, kama wanaoijua sehemu hiyo. Akalijaza basi ufunguo, akaliachia kwenye zulia la msibani likaenda likaanguka. Akalinyanyua, akachungulia madirishani. Nikajua anachotaka kusema, na nilitaka kusimama nimzuie.

"Abiria wamefika salama," akasema kwa sauti ya mke wangu.

Na wanawake wa sokoni wote wakamalizia, "Kalale, baba!"

Kicheko kikatikisa turubai. Nilimwona binti yangu mkubwa amejiinamia, anacheka na kulia kwa wakati mmoja, mdomo wake umeyatamka yale maneno pamoja na wengine. Mtani akainua mkono watu wanyamaze. "Mimi kwangu," akasema, bado ni mke wangu, "nina watoto wanne. Wadogo watatu walishakua. Yule mkubwa..." Akawaelekezea sikio. Nao wakajibu, "Anaendesha greda!"

Nilitazama chini. Nilikuwa nimekaa katikati ya wazee wenzangu, na mmoja akanipiga begani akicheka, "Pole bwana, watani hao." Nikaitikia kwa kichwa kwamba naelewa. Nilikuwa naelewa kabisa. Mtu hawezi kuitikia maneno aliyoyasikia mara moja. Yale maneno yalikuwa yamesemwa pale sokoni siku baada ya siku, kwa miaka, juu ya karanga na dagaa, mpaka yakawa wimbo wa watu. Nilichodhani kiko baina yangu na yeye peke yetu, kilikuwa kitoweo cha soko zima.

Mtani aliondoka na basi. Ndiyo haki yake, na mimi nilimtazama akilitia kwenye kikapu.

Watoto wangu walipoondoka nilibaki na nyumba na hasira. Nilimkasirikia marehemu, jambo ambalo halisaidii mtu, kwa maana hajibu. Nilikuwa nakaa sebuleni nabishana naye. Kama ulikuwa unaona haya, kwa nini ulikuwa unaleta mkeka mwenyewe? Kama hukuona haya, kwa nini uliniuza? Kila swali lilikuwa na majibu mawili, na mtu pekee wa kuchagua jibu alikuwa makaburini. Nilivumilia, nikavumilia, mwisho nikavunja adabu ya utani. Nilikwenda sokoni kumdai mtani kitu alichokichukua msibani.

Alikuwa anapepeta dagaa. "Karibu shemeji! Leo umetukumbuka."

"Nimekuja kwa ajili ya lile basi."

"Basi? Lile la bati?" Akaweka ungo chini. "He, shemeji, nyie Wasukuma kwa kung'ang'ania! Wajukuu zangu walishalikanyaga siku ile ile. Lilikuwa limechoka lenyewe. Ungesema mapema tu, ningekuachia."

Nikasimama pale. Abiria wangu wote walikuwa kwenye jalala mahali fulani, bibi na kilemba chake, mtoto na pua yake. Nilitaka kumtukana, nikameza. Nikamwuliza nililolijia hasa: "Yule mwenzio, alikuwa anapenda ule mchezo au hakuwa anapenda?"

Hapo akaacha utani, na alivyouacha nikaogopa. Akanivutia ndoo iliyofudikizwa nikae. Sikukaa.

"Shemeji, si alikuwa na magoti."

"Magoti gani?"

"Magoti. Tangu amzae yule wa mwisho. Kukaa chini kwa shida, kuinuka ndiyo kabisa. Hukuona hapa alikuwa anakalia ndoo? Sie tulikuwa tunamwambia, mwambie mwenzio umeumia. Anasema, nikimwambia ataacha, halafu ataanza kukaa peke yake na sanduku lake kama yatima. Acha nimchezeshe, si muda mrefu."

"Alisema nimchezeshe?"

"Ndiyo." Akanitazama usoni. "Shemeji, usilichukulie vibaya. Sisi wote tuna la mume tunalocheka hapa. Wangu anaongea na kuku. Yule alikuwa anakupenda."

Watu wengine wangelichukua hilo la mwisho na kwenda nalo nyumbani likawafariji. Najua ndivyo inavyotakiwa. Mwanamke anaumwa magoti, anakaa kwenye simenti kila jioni ili mume asijisikie vibaya; ni sadaka, ni mapenzi, mchungaji angeweza kulihubiri. Mimi nilitembea kurudi Nsemulwa nimekasirika kuliko nilivyokwenda. Sikuwahi kuomba sadaka. Chakula alikuwa ananipa, nguo alikuwa anafua, watoto alinizalia, na kwa hayo yote nilijua anajitoa, nikashukuru. Pale mkekani nilidhani hajitoi chochote, nilidhani anapata. Nilikuwa naona tunacheza wawili, kumbe nilikuwa nachezeshwa, kama mtoto anayechezeshwa ili asilie. Na asiniambie mtu kwamba ningeuliza. Mdomo alikuwa nao, tena wa kutosha soko zima.

Baba alinifanya niwaue ng'ombe wangu lamboni, lakini angalau nilijua anafanya nini.

Kununua sikuacha. Wenye busara wangetegemea niache, nilitupe sanduku, nishike Biblia ya uzeeni. Siku chache baadaye nilikuwa dukani karibu na stesheni, na mwenye duka, ambaye alikuwa amekuja msibani na kula wali wetu, hakuniuliza leo ni wa ngapi. Alinishushia gari jeupe lenye taa pande zote. "Hili mzee wangu halihitaji mtu wa pili," akasema. "Linakwenda, likigonga ukuta linageuka lenyewe, linarudi. Mtoto anaweza kucheza hata akiwa peke yake." Sijui kama alikuwa anauza tu, au na yeye alikuwa amesikia lile la sokoni. Nikalinunua.

Ni zuri. Siwezi kusema uongo, lina injini laini na linageuka kwa akili. Jioni nakaa chini ya dirisha, naliwasha, linavuka sebule mpaka upande wa jikoni, linagonga ukuta, linajigeuza, linanirudia mpaka miguuni. Mkeka wake nimeuacha pale pale ulipokuwa. Sina sababu ninayoweza kuieleza.

Jana lilikwama. Gurudumu lilinasa kwenye ukingo wa mkeka uliofumuka, likabaki linaunguruma na kuwasha taa zake bure. Nilingoja, kama mjinga, kana kwamba kuna mtu wa kulinyanyua. Mwisho nikaenda mwenyewe, nikapiga magoti kulinasua, na kwa kuwa nilikuwa nimeshafika chini nikageuka nikakaa alipokuwa anakaa. Sikuwahi kukaa upande ule. Simenti ya pale ni mbovu kuliko ya upande wangu, ina mashimo, na mkeka hausaidii kitu. Baridi ya sakafu inapanda mpaka kwenye nyonga. Na dirisha, kutoka pale, liko mbali sana. Mtu aliyekaa chini yake, akingoja kitu chake kirudi, lazima aonekane mdogo.

Nililiachia gari. Likaenda mpaka mahali pangu, likagonga ukuta pasipo mtu wa kulipokea, likageuka, likaja. Nililishika, nikalizima. Nikajaribu kuinuka, nikashindwa, nikabaki nimekaa pale na magoti yangu.